Mwongozo kamili: kuangalia sanaa Lamu, kuanzia makumbusho mpaka kwa wachoraji wa leo

Mgeni akishuka tu pale jeti swali lake huwa ni moja, jumba la sanaa ni lipi nikaangalie picha? Sasa niseme mapema ili usihangaike: Lamu usitegemee jengo moja kubwa lenye lifti na kuta nyeupe ambalo unaingia asubuhi, jioni unatoka umemaliza. Sanaa hapa imetawanyika mji mzima, nyingine iko makumbusho, nyingine ngomeni, nyingine kwa mafundi wa milango huko vichochoroni, na nyingi ya leo leo utaikuta Shela, kile kijiji cha jirani, kwa wachoraji. Ukienda bila mpango utatembea sana, utapiga picha mia mbili na ukirudi kwenu hukumbuki hata moja.

Kwa hiyo nimeandika kwa urefu, kwa yeyote anayekuja, awe ametoka Nairobi, Mombasa, Tanga au Unguja, au hata ni mtoto wa hapa hapa Langoni ambaye amepita mbele ya makumbusho miaka yote na hajawahi kuingia.

Jambo langu kubwa ni mpangilio: anza na ya kale, ndipo uende kwa ya leo. Ukianza na wachoraji utaona rangi nzuri na punda na majahazi basi. Lakini ukiwa umeshakaa kidogo mbele ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani vya nyumba za kale, umeshashika mlango wa zamani kwa mkono wako, ukifika kwa mchoraji wa leo unajua amechukua wapi, amegeuza nini na ameacha nini, na hapo ndo picha inaanza kukwambia kitu.

Kabla hujatoka kwenu

Msimu kwanza. Kaskazi, yaani toka kama Disemba mpaka Machi, jua ni kali lakini hewa ni kavu kiasi. Kusi ikiingia, Aprili na kuendelea, mvua zinakuja na boti zinarusha maji, Mei hasa sikushauri kama unataka kununua picha au vitu vya karatasi manake kila kitu kinalowa. Ramadhani uje ukijua mchana mji umetulia sana, pahali pa kula pengi pamefungwa mpaka magharibi na mafundi wengi wanafanya kazi asubuhi tu. Na Mfungo Sita, wakati wa Maulidi ya Riyadha, mji unajaa mpaka vyumba havipatikani, ni raha kubwa kwa anayetaka maulidi yenyewe, matwari na watu, ila kwa kuangalia vitu kwa utulivu sio wakati wake.

Njia: kwa basi ukitoka Mombasa au Malindi unapita Garsen na Witu mpaka Mokowe, kuna vizuizi vya askari njiani kwa hiyo kitambulisho kiwe mfukoni, sio ndani ya begi lililofungwa juu ya basi. Mokowe unapanda boti unavuka mpaka Amu, yaani Lamu yenyewe. Ukija na ndege unashukia kisiwa cha Manda, napo unavuka kwa boti. Uliza bei ya boti kabla hujakanyaga ndani, ya kuchangia na watu ni tofauti kabisa na ya kukodi peke yako.

Pesa: makumbusho za serikali siku hizi malipo yanapitia eCitizen, ule mtandao wa serikali, sasa fungua akaunti ukiwa nyumbani na intaneti yako nzuri, usisubiri mpaka umesimama mlangoni simu ina asilimia tatu na nyuma yako kuna wanafunzi wa shule nzima. Bei ya raia na ya mgeni wa nje si sawa, ndo manake kitambulisho tena. Boti, chai na mafundi wadogo ni M-Pesa au noti ndogo ndogo.

Nguo: huu ni mji wa watu wanaoswali na wanaoishi ndani yake. Mwanamke nguo ndefu na mtandio mabegani, mwanamume suruali au kikoi na shati, kaptula na nguo za kuogelea ziache ufukweni. Viatu viwe vya kuvua haraka, manake kwa fundi saa ingine unaambiwa karibu ukae mkekani.

Begini weka tochi ndogo (nitakwambia kazi yake), daftari na penseli, na chupa ya maji.

Asubuhi ya kwanza: Makumbusho ya Lamu

Iko barabara ya baharini, ile nyumba yenye veranda na mizinga mbele, huwezi kuipita. Nyumba yenyewe ni ya mwisho wa karne ya 19, baadaye wakakaa maofisa wa serikali ya Kiingereza mpaka wakati wa uhuru, na 1971 ikafunguliwa kama makumbusho. Nenda mapema kabla jua halijapanda, makundi ya wanafunzi na watalii huwa hayajafika na wahudumu wana nafasi ya kuongea na wewe. Na uongee nao kwa kweli. Salimia vizuri, mzee ni mzee, bibi ni bibi, kijana muite ndugu, uliza hali ya nyumbani ndipo uulize habari ya vitu. Wengi wao ni watu wa mji huu na wanajua mambo ambayo hayajaandikwa ukutani.

Sasa mtu anataka kuona kila kitu. Mimi nakwambia chagua vitatu.

Cha kwanza siwa, lile baragumu kubwa la kupuliza. Lamu kuna siwa mbili zinazojulikana, ya pembe ya ndovu iliyotoka kisiwa cha Pate na ya shaba ya Lamu yenyewe. Ile ya Pate ni ndefu kuliko mtu aliyesimama, imechongwa na kuungwa vipande, na tundu la kupulizia liko ubavuni sio mwishoni. Zilikuwa zikipulizwa kwenye harusi na shughuli za watu wa koo kubwa. Usiangalie urefu tu. Sogea uangalie zile nakshi zinavyozunguka, jinsi mchongaji alivyogawa sehemu ya kujaza na sehemu ya kuacha wazi ili jicho lipumzike. Shika hilo la kuacha wazi kichwani, utalihitaji Shela.

Cha pili kiti cha enzi, mbao nyeusi, mgongo umenyooka, vipande vya pembe vimetiwa ndani ya mbao na sehemu ya kukalia imesukwa kwa kamba. Jiulize mtu akikaa hapo anaonekanaje. Kile kiti hakikuundwa kwa starehe ya mgongo, kiliundwa ili aliyekaa aonekane.

Cha tatu mtepe. Utaona mfano wake mdogo, chombo kilichoshonwa ubao kwa ubao kwa kamba ya makumbi bila msumari, na tanga lake la mkeka. Hesabu mashono kwenye ubao mmoja alafu angalia jinsi yalivyo sawa sawa. Hivyo ndivyo watu wa pwani hii walivyofikiria kitu kizuri: kinafanya kazi na kinapendeza, haviachani.

Sehemu za watu wa bara ya Lamu, Waboni, Waorma na Wapokomo, zipitie pia usiziruke, manake watu wanadhani Lamu ni Waswahili peke yao.

Hapo hapo: Nyumba ya Kiswahili

Kuna watu wanaikosa hii kwa sababu iko ndani ya mitaa na haina mbwembwe. Ni nyumba ya karne ya 18 iliyotengenezwa ikawekwa vyombo kama ilivyokuwa ikikaliwa. Kwangu mimi hapa ndo moyo wa ziara yote, ukiwa na saa mbili tu Lamu nzima zitumie hapa.

Ingia polepole. Unaanza na daka, ule ukumbi mdogo wa mlangoni wenye baraza za mawe pande mbili, mgeni wa kiume alikuwa akiishia hapo. Alafu tekani, ambayo inakukata kona makusudi ili anayepita njiani asione ndani. Ghafla unatokea kiwanda, uwazi wenye mbingu juu, na ndo mwanga wote wa nyumba unakotoka, manake kuta za nje karibu hazina madirisha. Toka hapo ni misana, vyumba virefu vyembamba kimoja nyuma ya kingine. Wembamba ule umetokana na boriti, ile miti ya mikoko inayobeba dari haivuki zaidi ya kama mita 3, basi chumba kinakuwa kirefu lakini hakipanuki. Kadiri unavyoingia ndani, sakafu inapanda kidogo na mwanga unapungua, mpaka ufike ndani kabisa ambako ukuta mzima umejaa zidaka.

Hapa simama, au bora ukae chini. Zidaka ni vishubaka vingi vilivyopangwa kwa safu, vimetengenezwa kwa chokaa iliyochongwa kabla haijakauka sawasawa, na juu yake na pembeni kuna nakshi. Ndani yake yalikuwa yakiwekwa masahani ya kutoka China, vitabu, vitu vya thamani. Muombe muhudumu ruhusa, toa ile tochi, usimulike kwa mbele, imulike kwa ubavu ikiwa karibu na ukuta. Utaona vivuli vinasimama na kila mkato wa kisu cha fundi unajitokeza, pale mkono ulipokaza, pale ulipoteleza kidogo, mstari mmoja hauko sawa na mwenzake kwa sababu ni mtu alifanya. Alafu zima tochi uangalie tena kwa ule mwanga hafifu wa kiwandani. Fundi aliyechonga alijua mwanga utakaofika pale ni kidogo, ndo akachonga kina kirefu kiasi kile.

Chora. Hata kama hujui kuchora, toa daftari uchore kidaka kimoja na nakshi yake. Penseli inakulazimisha uangalie kitu ambacho kamera inakuruhusu ukiruke.

Ukimaliza pita chooni uangalie birika, lile tangi la maji, walikuwa wakiweka samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Alafu panda juu kwenye jiko.

Ngome

Ngome iko Mkunguni, pale uwanjani chini ya miti, wazee wanakaa, bao linachezwa na soko liko ubavuni. Ilianza kujengwa 1813 baada ya vita vya Shela ambapo watu wa Lamu waliwashinda wa Pate na Wamazrui wa Mombasa, ikamalizika 1821 kwa msaada wa Waomani. Kuanzia 1910 mpaka 1984 ilikuwa jela, na kuna wazee mjini bado wanaikumbuka hivyo. Baada ya hapo ndo ikaingia mikononi mwa makumbusho.

Kwa anayetafuta sanaa ya leo ngome ndo mlango, manake vyumba vyake hutumika kwa maonyesho na shughuli za jamii. Ila vinabadilika, kwa hiyo getini uliza swali moja la wazi: sasa hivi kuna maonyesho gani, na yako chumba gani? Usiulize tu kuna nini humu, utaambiwa historia ya ngome kuanzia mwanzo. Kama kuna picha zimetundikwa zione, kama hakuna panda juu ya kuta uangalie mapaa ya mji, makuti na mabati na minara na misikiti, alafu uone jinsi vichochoro vinavyopotea katikati. Wachoraji wengi wanaochora Lamu wanaichora kutoka juu kama hivi, ukishasimama pale mwenyewe utazijua picha zao haraka.

Saa ya swala ya adhuhuri, na Ijumaa zaidi, usipange kitu. Kula. Samaki wa kupaka, wali wa nazi, juisi ya ukwaju, pumzika mpaka jua lipoe.

Jumba la Posta ya Wajerumani ni dogo na halina sanaa nyingi, ila ukiwa na nusu saa pita, manake posta ile ilifunguliwa 1888, wakati Wajerumani walipokuwa wameshika Witu, ikafungwa 1891.

Jioni: milango na mafundi

Mji wa kale uliingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2001, na milango ni sehemu kubwa ya sababu watu wanaupenda. Tembea usita wa mui, ile njia kuu ya mji, kutoka mtaa wa Langoni kuelekea Mkomani, huko Mkomani ndo nyumba nyingi za mawe ziko. Ukisikia punda nyuma jibanze ukutani, mwenye punda ana mzigo, wewe huna. Ukipita penye baraza watu wamekaa, toa salamu, Assalam aleikum, usipite kama upepo.

Kwenye mlango angalia vitu vitatu: kizingiti cha juu, ambako nakshi nzito na maandishi hukaa, fremu za pembeni, na mfaa, ule mti wa katikati unaofunika pale mabawa mawili yanapokutana. Milango ya zamani mingi ni mbambakofi au msaji, mipya utakuta hata ya mwembe. Milango ya Kibajuni ya upande wa Siyu, kule kisiwani Pate, nakshi zake ni za mikato midogo midogo ya pembe pembe, ile yenye mawaridi na majani mazito ina mkono wa Kihindi ndani yake. Kaa mbele ya miwili tofauti mpaka uweze kuitofautisha bila kuambiwa.

Na hapa lazima nimtaje Muhamadi Kijumwa, aliyezaliwa Lamu karibu 1855 akafariki 1945. Huyu alikuwa mchongaji wa milango, malenga, mwandishi wa hati nzuri za Kiarabu, na mtu wa ngoma pia. Aliwanakilia wataalamu wa Ulaya tenzi za zamani kwa mkono wake, na nyingi ya hati zile leo ziko London. Nikisikia mtu anasema sanaa ya kisasa Lamu imeletwa na wageni namkumbuka yeye, mtu mmoja wa hapa aliyechukua kazi ya mababu na kuifanya kuwa yake, kwa kalamu na kwa patasi.

Sasa ingia kwa fundi. Karakana ziko wazi kwa njiani, unasikia nyundo kabla hujaona kitu. Usiingie na kamera imeshaelekezwa. Sema: salaam aleikum fundi, naweza kukaa kidogo nikuangalie? Karibu wote watakukaribisha. Angalia anavyoanza: anachora mstari kwa penseli juu ya mbao, mara nyingi bila kupima sana, anakata mzunguko wa nje kwa patasi nyembamba, alafu anatoa mbao ya nyuma kwa patasi pana ili ua libaki limesimama. Mguu mmoja umeshika ubao. Kila baada ya mapigo machache anapuliza unga, anapitisha kidole gumba juu ya mkato, akisikia kuna nywele ya mbao anarudi. Muulize: nakshi hii umeipata kwa nani? Atakwambia kwa babu, kwa ami, kwa mlango fulani pale msikitini, au atakwambia hii nimeibuni mimi mwenyewe, na hapo mazungumzo ndo yanaanza. Ukikaa muda mrefu nunua kitu hata kidogo, kiweko cha mbao cha kusomea Kurani, fremu ya kioo, chochote, manake umekula wakati wake.

Siku ya pili: Shela na wachoraji

Toka mjini mpaka Shela kwa mguu kufuata bahari ni kama dakika 40, au panda boti. Uliza maji kabla, maji yakijaa hasa wakati wa bamvua njia pengine inalowa. Nenda asubuhi.

Shela ndo pahali wageni wengi wamenunua nyumba na kuna pesa zaidi ya sanaa, hilo lina uzuri wake na lina uchungu wake kwa wenyeji walioona bei ya viwanja ikipaa, na wachoraji vijana wa hapa wanaliongelea ukikaa nao. Kuna tamasha la wachoraji lilianza Shela 2011, mwanzo wachoraji wa Ulaya, baadaye na Wakenya wakaingia, wanatoka na mbao zao wanachora nje njiani watu wakiwaona. Ukibahatika kuja wakati wake usikose, ni nadra kumuona mchoraji akihangaika na kivuli kinachohama huku watoto kumi wamemzunguka wanamwambia pale umekosea. Hata bila tamasha kuna vyumba vya maonyesho, baadhi ya nyumba za wageni zimetundika picha, na wachoraji wa hapa wana vibanda vyao. Muulize mwenyeji wako nani anachora sasa hivi, sio nani anauza. Majibu ni tofauti.

Utaona kazi za aina nyingi. Picha za majahazi na punda, nyingine za haraka kwa ajili ya mtalii na nyingine nzuri kweli. Mabegi na picha juu ya tanga kuukuu la jahazi, viraka na mashono ya zamani yakiachwa yaonekane. Samaki na nyuso zilizochorwa juu ya vipande vya mbao za vyombo vilivyovunjwa. Pete za fedha zilizotiwa kipande cha sahani ya kale. Na picha zisizo na umbo la kitu chochote, rangi na mistari tu, ambazo ndo watu huzikimbia.

Sasa hizo usizikimbie. Fanya hivi. Simama mbali hatua kama sita, acha macho yatue yenyewe, yanatua wapi kwanza? Alafu yanakwenda wapi? Sogea mpaka uone rangi ilivyokaa, nene au nyembamba, imepakwa kwa brashi, kisu au kidole. Rudi nyuma tena. Tafuta pale mchoraji alipoacha wazi, ndo lile nililokwambia kwenye siwa, mara nyingi uamuzi wake mkubwa uko hapo. Ndipo usome kijikaratasi: jina, mwaka, imetengenezwa na nini. Ukisoma kwanza utaangalia kijikaratasi, hutaangalia picha. Na ukikaa dakika tano haijakupa kitu, pita nenda nyingine bila kujilaumu, hata mlango si kila mmoja unakupendeza.

Kama mchoraji yupo usimuulize picha hii ina maana gani, hilo swali linawachosha. Muulize ulianza na rangi gani, au ulijuaje kwamba umemaliza. Mimi sijawahi kuuliza hilo la pili nikapata jibu fupi.

Kununua bila kujuta

Kwanza yale ya sheria. Pembe ya ndovu, gamba la kasa na makombe makubwa ya baharini, usinunue hata ukibembelezwa, sheria ya wanyamapori ya 2013 ni kali. Vitu vya kale vya kweli, kipande cha nakshi ya mlango wa zamani, siwa, jiwe la kaburi, maandishi, haviruhusiwi kutoka nchini bila kibali chini ya sheria ya makumbusho ya 2006. Na ukienda magofu ya Takwa kule Manda ukiona kigae chini kiache hapo hapo, kikiondoka pale kinabaki kigae tu, hakuna atakayejua kilitoka tabaka gani wala nyumba gani.

Ukiona zile picha za wanyama wenye macho makubwa na rangi zinazong'aa, hizo ni Tingatinga, zilianzia Dar es Salaam miaka ya 1960 kwa Edward Saidi Tingatinga aliyekuwa akichora kwa rangi za baiskeli juu ya ubao. Nzuri, nunua ukipenda, ila usiambiwe ni sanaa ya asili ya Lamu.

Bei: kwa muuza duka patana kama kawaida. Kwa mchoraji mwenyewe aliyetia jina lake, muulize bei, kama huiwezi mwambie ukweli una kiasi gani na kama ana kazi ndogo zaidi. Kumkata nusu ya bei mtu aliyekaa wiki tatu na picha moja sio kupatana. Muombe akuandikie nyuma jina, mwaka na mahali, na kijikaratasi cha malipo, siku ukitaka kuiuza au kuisafirisha kitakusaidia.

Uliza ni rangi gani. Akriliki inakauka haraka, unaweza kuiviringisha kesho yake. Rangi ya mafuta inaweza kuchukua miezi kukauka ndani hata kama juu unagusa haishiki. Kanvasi iviringishwe upande wa rangi ukiwa nje, sio ndani, ili rangi isijikunyate ikapasuka, izungushwe kwenye paipu nene ya plastiki na karatasi safi katikati, alafu nailoni juu kwa ajili ya maji ya boti. Kitu cha mbao muulize fundi mbao imekaa miezi mingapi baada ya kupasuliwa, mbao mbichi ukiipeleka Nairobi kwenye baridi na ukavu inapasuka yenyewe ukutani.

Simu na watoto

Ndani ya makumbusho uliza kabla hujapiga picha, na fleshi zima. Watu usiwapige bila ruhusa, wanawake hasa, na msikitini usielekeze kamera watu wakiswali. Kazi ya mchoraji ukiiweka mtandaoni weka na jina lake, hiyo ndo riziki yake inakopitia.

Watoto walete, usiogope. Mpe kila mmoja kazi: huyu ahesabu zidaka, huyu atafute samaki kwenye nakshi za mbao, huyu achore punda. Nyumba ya Kiswahili watoto wanaipenda kuliko watu wazima kwa sababu ya kona na vyumba vya ndani, ila waambie mapema hakuna kugusa chokaa, jasho la mikono linaila.

Picha ukifika nayo kwenu ifungue siku hiyo hiyo, usiiache kwenye paipu. Itandaze juu ya meza safi siku mbili tatu ndipo umpe fundi wa fremu, na kama unakaa karibu na bahari mwambie aweke vipande vidogo vya mbao nyuma ya fremu ili hewa ipite kati yake na ukuta, la sivyo unyevu wa chumvi utaingia kwa nyuma na utaona madoa mvua za kwanza tu.